Nilivyojifunza Kusoma Doa la Nepi

Siku mke wangu alipotimiza arobaini nilivuka feri asubuhi na mapema kwenda Likoni, nyumbani kwa mama mkwe, kumchukua yeye na mtoto wetu wa kwanza, na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa nilikuwa nimevaa kanzu nyeupe niliyoishona kwa mikono yangu, yenye kazi ya uzi wa hariri shingoni na kifuani. Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kazi kiko Bondeni, hapa Mombasa, nyumba iko Majengo, na kanzu ile ilikuwa pia ndiyo tangazo langu. Tulipokuwa tunarudi kisiwani, feri imeshaliacha gati la Likoni na mtoto nimemkumbatia kifua kwa kifua, nilihisi uvuguvugu ukinienea chini ya mbavu. Nilipomwinua niliona doa la ukubwa wa kisahani cha chai, limekaa sawasawa na mahali kilipokuwa kitovu chake. Nepi yenyewe tulikuwa tumemfunga muda usiozidi nusu saa, na nilipoibonyeza kwa chini ilikuwa nyepesi na kavu kana kwamba ndiyo kwanza inatoka pakitini.

Jambo la kwanza nililolifanya ni kuilaumu nepi, tena kwa sauti. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi ubavuni mwetu alimtazama mtoto, akaitazama kanzu, kisha akauliza kama ni wa kiume. Nilipomjibu kuwa ndiyo, alitikisa kichwa.

"Baba, nepi haina kosa. Mmemfunga akiwa ameelekea juu. Mwana wa kiume huelekezwa chini kabla ya kufungwa, la sivyo atakunyunyizia mpaka ndevu."

Mke wangu alijificha uso kwa upindo wa leso akicheka, kwa kuwa aliyemfunga asubuhi ile nilikuwa mimi. Katika siku zote arobaini kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa mama mkwe na shemeji zangu, nami nilikuwa mgeni wa kuletewa mtoto akiwa tayari ameoga, amepakwa mafuta na amefungwa. Ile ndiyo iliyokuwa nepi yangu ya kwanza.

Kazi yangu imenizoesha kulitazama tundu la nguo kama ushahidi. Suruali ikiletwa imepasuka mshono wa nyuma, najua kipimo kilikuwa kibaya; ikiwa imepasuka gotini, naulizia kazi anayoifanya mwenyewe. Hata hivyo ilinichukua majuma kadhaa, na mashuka mengi, kutambua kwamba nepi nayo husomwa vivyo hivyo, kwamba majimaji hayatoki popote yapendapo bali hutoka pale yalipoachiwa njia, na kwamba doa la tumboni si ndugu ya doa la mgongoni. Kabla ya hapo nilikuwa na dawa moja tu kwa kila kuvuja, nayo ilikuwa ni kukaza zaidi. Kukaza huko hakukuzuia kitu. Kulimwachia mtoto alama nyekundu za mpira mapajani, na kukampandishia nepi mpaka ikawa inamwacha wazi nyuma.

Doa la pili lililonisumbua lilikuwa la pajani, nalo lilinishangaza kwa kuwa lilitokea paja la kulia peke yake, siku baada ya siku, hata tulipobadilisha aina ya nepi. Mke wangu alikuwa bado katika likizo yake ya uzazi ya miezi 3, na madoa yake yeye hayakuwa na upande. Nikamwomba amfunge mtoto polepole nimwangalie, kisha nikafunga mimi mbele ya kioo cha wateja. Kioo kilinionyesha kosa ambalo kama lingefanywa na mwanafunzi wangu ningeliona kwa kutupa jicho: mimi natumia mkono wa kulia, na mkono huo, mtoto akiwa amelala chali mbele yangu, ndio unaovuta kibandiko cha ubavu wake wa kushoto. Nilikuwa nauvuta upande ule kwa nguvu na kuubandika wa pili kwa adabu, kwa hiyo kipande chote cha mbele kilihama kwenda kushoto na kuacha pengo kwenye paja la kulia. Sasa nashika vibandiko viwili kwa wakati mmoja, navivuta pamoja mpaka katikati ya mbele ilingane na kitovu, ndipo navibandika. Na vidole viwili vikiingia kati ya nepi na tumbo bila kusukuma, nimefika.

Kulikuwa na jambo jingine hapo hapo pajani. Nepi za dukani zina marinda ya mpira ya aina mbili: yale ya nje yanayozunguka paja, na mengine membamba ya ndani yanayosimama kama ukuta wa pande mbili. Mtoto akisukumwa miguu juu na nepi ikapitishwa haraka, marinda ya nje hujikunja kwa ndani bila mtu kuona, na ukingo uliojikunja haushiki ngozi tena. Tiba yake ni ya sekunde 5. Baada ya kufunga napitisha kidole cha shahada kuanzia kinenani hadi nyuma ya paja, kulia na kushoto, nikiyatoa marinda nje kama mtu anayenyoosha upindo wa gauni kabla ya kulipiga pasi. Sijui kwa nini jambo hili halichorwi kwa picha kubwa juu ya kila pakiti.

Mke wangu aliporudi kazini katika hoteli moja ya Bamburi, ambako ni mpokea wageni, akapangiwa zamu za usiku mara kwa mara, na usiku ukawa wangu mimi, mtoto na maziwa aliyoyakamua. Ndipo nilipokutana na kuvuja kusikokuwa na maelezo. Nilikuwa nimemwelekeza chini, marinda yote yako nje, vibandiko vimelingana. Bado saa 9 usiku shuka lilikuwa limelowa, na nepi nilipoivua ilikuwa imejaa katikati tu, mbele na nyuma pakavu. Kama ni mfuko uliojaa ningeelewa. Mfuko huu ulikuwa umemwaga kabla haujajaa.

Siku ya pili yake, asubuhi ambayo wateja hawakuwa wengi, niliitandaza nepi mpya juu ya meza ya kukatia na kuipasua kwa mkasi kutoka kiunoni hadi kiunoni. Juu kabisa kuna kitambaa laini kisichofumwa, ambacho kazi yake ni kupitisha maji haraka na chenyewe kubaki kikavu. Chini yake kuna nyuzinyuzi zilizotengenezwa kutokana na miti, ambazo ukizishika utadhani ni pamba, na ndani ya nyuzi hizo kumetawanywa chembechembe nyeupe zinazofanana na chumvi ya mezani. Chini ya vyote ni karatasi nyembamba ya plastiki. Nilizikung'uta chembechembe zile kwenye kisahani, nikazimiminia maji kidogo, na mwanafunzi wangu akaacha cherehani kuja kutazama: kabla hatujamaliza kuulizana zilikuwa zimevimba zikawa jeli ngumu inayotetemeka, na kisahani kilipopinduliwa hakuna tone lililodondoka.

Nikachukua nepi nyingine nzima na kikombe cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono. Kikombe cha kwanza nilikimimina taratibu, na nepi ikakinywa chote. Kikombe cha pili nilikimwaga kwa mara moja, mahali palepale palipokwisha kulowa, na maji hayakuzama. Yaliteleza juu ya kitambaa, yakafika ukingoni na kushuka mezani, ilhali theluthi mbili za nepi zilikuwa bado kavu. Hapo nikaelewa usiku wangu. Chembechembe zinahitaji muda, hata kama ni mchache, na mtoto hakojoi kwa kutonesha kama mfereji mbovu. Hukojoa kwa mkupuo, mahali pamoja, na kati ya mkupuo na kunywewa kwake kinachoyazuia maji ni yale marinda ya ndani peke yake. Mezani marinda yale yalikuwa yamelala kwa kuwa nepi ilikuwa imetandazwa. Nilipochukua nepi ya tatu, nikaivuta kichwa na mkia kuamsha mpira wake, kisha nikaikunja kwa urefu ili ikae kama dau, kuta zake zilisimama, na kikombe kilichomwagwa kwa mkupuo kikatulia ndani kama maji ya mvua katika dau lililopandishwa pwani, mpaka kikanywewa. Tangu siku ile sifungi nepi bila kuivuta na kuikunja dau kwanza.

Mwanafunzi wangu, kwa udadisi wake, alirudia jaribio la kisahani kwa maji ya kisima cha uani, ambayo kama visima vingi vya kisiwani ni ya chumvi, akaniita akidhani ameharibu kitu. Jeli yake ilivimba kidogo tu, na maji mengine yakabaki yakitembea pembeni. Chembechembe hizo hunywa maji matamu kwa wingi mno na maji ya chumvi kwa uchache, na mkojo nao una chumvi. Kwa hiyo yeyote atakayeonyeshwa dukani nepi ikimeza jagi la maji ya chupa ajue kwamba mtoto wake hakojoi maji ya chupa.

Nilipasua pia nepi zisizo na jina zinazouzwa kwa dazeni sokoni, nilizokuwa nimezinunua kwa sababu ya bei. Nyuzi zilikuwa tele na chembechembe chache, na mbili kati yake zilikuwa na mpira upande mmoja tu. Sizitupi wala sizisifu: mchana, ukiwa nyumbani na unabadilisha kila baada ya saa 2, zinafanya kazi yake. Usiku ni kujitafutia kufua.

Gharama ndiyo iliyotupeleka kwenye nepi za kitambaa. Duka la mtaani kwetu huuza nepi moja moja kwa shilingi 25, na mtoto anayebadilishwa mara 8 kwa siku hula shilingi 200, na fundi hapati mteja wa kanzu kila siku. Nilikwenda Biashara Street nikanunua kitambaa cha pamba chenye manyoya ya taulo, nikakata na kupinda nepi 24 kwa jioni mbili, nami nikajiona nimemaliza. Siku ya kwanza mtoto alikojoa na maji yakaishi juu ya kitambaa yakiteleza kama umande juu ya jani la mgomba. Nilipaswa kujua. Kila anayenunua leso mpya anajua kwamba haikaushi mwili mpaka ifuliwe, kwa sababu ya ule wanga wa kiwandani unaoifanya isimame. Nami niliyeishi na vitambaa miaka 11 nilisahau kwa kuwa nilikuwa na haraka. Nilizifua mara 5 kwa maji ya moto kabla hazijaanza kunywa ipasavyo.

Zilipoanza kunywa, ziliacha tena baada ya majuma machache, na huyu mkosaji alinipa tabu kumtaja kwa kuwa alikuwa na uhusiano na mama mkwe. Yeye huvuka kila Jumatano kuja kumwogesha mjukuu wake, na baada ya kumwogesha humkanda kwa mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe, miguu, mapaja na makalio, mpaka mtoto anang'aa kama samli. Kisha humfunga nepi juu ya mafuta hayohayo. Nepi za Jumatano na Alhamisi ndizo zilizokuwa zinavuja kupita zote. Nilizitenga, nikazidondoshea maji, na matone yakasimama mviringo juu ya kitambaa bila kuzama.

Mtu hamwendei mama mkwe na kumwambia mafuta yake yana kosa. Nilingoja amalize kumkanda mtoto, nikaleta nepi mbili na bilauri ya maji, nikaketi mbali kidogo.

"Mama, nina tatizo la kazi, nataka unisaidie macho. Vitambaa hivi ni vya gora moja. Kwa nini hiki chanywa na hiki chakataa?"

Alidondosha maji mwenyewe, akasugua nepi ya pili kwa kidole gumba, akakinusa kidole. Akanitazama kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu.

"Hiki kina nazi," alisema. "Kwani mafuta na maji yalipatana lini? Ungesema tu, mwanangu, tangu mwezi uliopita."

Tulikubaliana, au tuseme aliamua, kwamba mafuta yapakwe wakati mtoto anapolala uchi juu ya mkeka, yaachwe yanywewe na ngozi robo saa, kisha sehemu za nepi zipanguswe kwa kitambaa kikavu kabla ya kufunga. Mtoto hupata upepo, ambao katika joto la kaskazi ni dawa ya vipele kuliko kitu chochote cha kwenye kopo, na nepi hubaki nepi. Niligundua baadaye kwamba hata nepi za dukani huathirika namna hiyo, kwa maana jeli nzito ya mafuta ikipakwa kwa wingi huziba vijitundu vya kile kitambaa cha juu. Nepi zenyewe zilizokwisha kunywa mafuta nilizichemsha kwa sabuni nikazisuuza kwa maji matamu. Hilo la kusuuza ni muhimu kwetu sisi wa hapa mjini: mfereji hautoki kila siku, na anayefua kwa maji ya kisima hupata sabuni isiyotoa povu, inayobaki kitambaani kama utando. Mtungi mmoja wa lita 20 wa mwenye mkokoteni, ukitengewa kusuuzia tu, unatosha nepi za siku nzima. Zile sabuni za majimaji za kulainishia nguo nilizikataza kabisa nyumbani kwa sababu iyo hiyo, kwani ulainishaji wake ni kuupaka uzi kitu kinachoteleza, na uzi unaoteleza haushiki maji.

Nepi ya kitambaa inahitaji kifuniko, na hapa nilifurahi kukutana na mtu wa kazi yangu. Nilisoma habari za Mmarekani aitwaye Marion Donovan, mama aliyechoka na mashuka yaliyolowa, aliyechukua pazia la plastiki la bafuni, akaketi kwenye cherehani na kushona kifuniko kisichopitisha maji, chenye vifungo vya kubana badala ya pini. Kilianza kuuzwa New York mwaka 1949. Vyangu nilivishona kwa kitambaa cha makoti ya mvua, navyo vilivuja usiku wa kwanza. Havikuvuja mshononi, maana nilikuwa nimechagua sindano nyembamba ili matundu yasiwe makubwa. Vilivuja kwa sababu kipembe cha nepi cha upana wa kidole kilikuwa kimechungulia nje ya mpira wa paja, na kipembe hicho kiliyavuta maji yote nje polepole kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Nepi ilikuwa karibu kavu na suruali imelowa mpaka gotini. Utambi ndio adui ambaye watu wengi hawamshuku: fulana iliyochomekwa ndani ya nepi ni utambi, mkanda wa suruali uliobanwa chini ya marinda ni utambi, leso iliyokunjwa na ncha yake ikaingia ni utambi. Sasa fulana hubaki nje, na kabla ya kumlaza nautafuta uzi wowote unaochungulia. Katika kuikunja, wa kiume hukunjiwa tabaka nyingi mbele, ambako ndiko maji yake yanakofikia.

Nimesema doa la mgongoni si ndugu ya doa la tumboni. Nililijua vizuri siku ya chanjo ya majuma 14, ambayo nilimpeleka peke yangu. Tulikuwa kwenye foleni, nimembeba kwa mbeleko kwa kuwa mikono ilikuwa na kitabu chake na mkoba, na alikuwa amenyonya chupa nusu saa kabla. Nilisikia sauti, kisha nikahisi. Choo cha mtoto anayelishwa maziwa ya mama ni cha majimaji, cha manjano, na hutoka kwa nguvu. Kikikuta njia ya chini imebanwa na mbeleko iliyokazwa, hupanda. Kilikuwa kimepanda kiunoni, kikapita mgongoni, kikakaribia kisogo. Mama mmoja jirani aliniona nikianza kuivua fulana kwa kuipandisha kichwani, akanishika mkono. "Shusha, baba. Ipitishe mabegani." Fulana za watoto wachanga zina mabega yaliyopandana kama bahasha, nami nilikuwa nimezishona kadhaa kwa kufuata patani bila kujiuliza ule mpandano ni wa nini. Shingo hutanuka, fulana hushushwa mabegani na kutolewa miguuni, na uso wa mtoto haupakwi kitu.

Muuguzi alimpima: kilo 6.1. Aliandika kitabuni, akaitazama nepi safi niliyokuwa namfunga, akaniuliza ni ya kilo ngapi. Pakiti ilisema 3 hadi 6. Nilimweleza kwamba tulinunua pakiti kubwa kwa bei ya jumla akiwa na kilo 4.5, katika kliniki ya majuma 6, na kwamba zimebaki karibu 30. Alicheka bila ubaya, akanionyesha kwamba nyuma ya nepi ilikuwa inaishia chini ya kiuno na vibandiko vinafikiana kwa shida. Sisi mafundi huambiwa kila siku na wazazi, "Fundi, mwachie nafasi ya kukulia," na mtoto huvaa suruali iliyokunjwa miguu mwaka mzima. Nepi haina nafasi ya kukulia wala ya kubanwa. Iliyozidi huacha mapengo mapajani, na iliyopungua humwaga kwa nyuma. Pakiti ya 4 hadi 9 niliinunua jioni ile, na tangu hapo natazama uzito wa kitabuni kabla ya bei, na akikaribia ukomo wa juu wa pakiti sinunui kubwa ya namba ile. Zile 30 alipewa jirani aliyejifungua mwezi ule.

Mbeleko sikuiacha, lakini sikazi tena juu ya nepi iliyojaa, kwa sababu jeli hushikilia maji yake ikibanwa ila zile nyuzi zinazoizunguka huyaachia. Nepi hubadilishwa kabla ya kumbeba, hata ikiwa imelowa kidogo. Ndani ya mkoba huwa nina nepi 3, fulana moja na mfuko nilioushona kwa kitambaa cha mwavuli, kwa maana tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017 hatuna tena ule mfuko mwembamba wa dukani wa kufichia aibu.

Usiku ulipungua kuwa vita nilipobadili mpangilio wake. Zamani nilimbadilisha baada ya kunywa, akiwa anasinzia, nikamwamsha, akalia, akanywa tena. Sasa nambadilisha kabla ya maziwa ya mwisho na humlisha akiwa mkavu. Nepi ya usiku huwa ya namba moja juu ya ile ya mchana, ikiwa tu haimwachi mapengo, na ndani yake naweka kipande cha pamba kilichokunjwa, kisicho na plastiki chini, ili kikijaa kipitishie nepi. Chini ya shuka kuna makintoshi, lililovutwa na kuchomekwa vizuri chini ya godoro lisije likapanda usoni. Jirani mwenye nia njema alinishauri nipunguze maziwa ya jioni ili mkojo upungue, na nilikataa mara moja, kwa kuwa mkojo ndio unaonionyesha kwamba mtoto ameshiba: kliniki walituambia kwamba baada ya juma la kwanza tutarajie nepi zilizolowa zisizopungua 6 kwa siku nzima, usiku na mchana, na kwamba zikipungua hapo tumlete. Nepi inayovuja ni kero ya kufua, lakini nepi kavu ingekuwa habari nyingine kabisa.

Juma lililopita mke wangu alirudi kutoka zamu saa 12 na nusu asubuhi, akainama kitandani, kisha akanigusa bega. "Fundi, amka usome." Doa lilikuwa la ubavuni, juu ya nyonga, mahali ambapo hatukuwahi kuliona, na nepi nyuma ilikuwa kavu. Tulimwangalia mtoto, aliyekuwa macho anacheza na ncha ya chandarua. Tulikuwa tumemlaza chali, kama tunavyomlaza siku zote, na sasa alikuwa amelala kifudifudi. Ana miezi 5, na usiku ule alikuwa amejifunza kujipindua. Nilikwenda kazini na nepi mbili mfukoni, na mchana nikakitandika kile kipande cha pamba upya, mara tatu mbele na kidogo ubavuni, nikimwelekezea mwanafunzi wangu pa kupitisha mshono.